Barua Iliyolala Chini ya Mbuzi wa Abrahman

Mcha Duni hafungi kitu. Hayo ni maneno ya mkewe, Biasha, na ukiingia nyumbani kwao Kikwajuni unayaamini kabla hujakaa. Kabati iko wazi. Redio imefunguliwa mgongo tangu mwaka wa themanini na tano, inangoja waya mmoja. Na kule Mwanakwerekwe kiko kiwanja chake, chenye msingi ambao umeshaota mchicha, majirani wanauchuma. Mwenyewe hakatai. Husema kwamba mtu mwenye mambo mengi ambayo hayajaisha hawezi kufa mapema. Biasha humjibu kuwa kama ni hivyo, basi ataishi kumpita Nabii Nuhu.

Alizaliwa Mangapwani. Alisoma mpaka darasa la sita, na la saba alilianza. Alishona magunia ya karafuu, akauza mafuta ya taa, akapiga ngoma ya beni kwa msimu mmoja na nusu, kisha akajifunza kupiga taipu kwa karani mmoja Mgoa aliyekuwa akimpiga rula ya vidole kila akikosea. Pale alipokoma kupigwa ndipo alipojihesabu kuwa amehitimu. Akanunua taipureta kuukuu yenye herufi ya K iliyokatika mguu, akakaa nayo kwenye kibaraza Malindi miaka ishirini na mbili, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi, kuomba kiwanja, kuomba radhi, na mara nyengine za kuikataa radhi iliyoombwa.

Barua za Mcha zilijulikana. Kila moja ilianza na YAH kwa herufi kubwa, na chini yake mstari, hata kama ni barua ya mtu kumwandikia mchumba wake. Aliamini kwamba barua isiyo na YAH ni kama mtu mzima aliyetoka nje kichwa wazi.

Kitu kimoja zaidi lazima kijulikane juu yake, maana ndicho kilichomponza. Mama yake, kule Mangapwani, alimlea kwamba mtu akishatoa salamu mlangoni pako, asisimame akakuona unaendelea na lako. Uliache, umtazame, umsikilize. Basi katika umri wake wote Mcha hakuwahi kumwambia mtu "subiri". Pale Malindi alikuwa akichomoa karatasi ya mteja mmoja katikati ya neno, akaitia ya mwengine, na ile ya kwanza ikaenda chini ya jiwe. Jiwe hilo lilikuwa na kazi kuliko yeye.

Mwaka wa tisini na tatu Bi Shemsa alifungua ofisi ya kupiga chapa juu ya duka la nguo, hatua chache kutoka Darajani. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mwenye sauti ndogo na macho makubwa, naye alimchukua Mcha kwa sababu wateja wa Malindi wangemfuata. Wakamfuata. Ila pale hapakuwa na taipureta. Palikuwa na kompyuta.

Aliyemfundisha alikuwa Ummy, mama wa watu aliyekuwa na kiduka cha kutengeneza mashine hizo Mwanakwerekwe. Alikuja siku nne. Kompyuta ile haikuwa na picha wala madirisha. Kilikuwa kioo cheusi na mstari mmoja wa kungojea amri. Ukiandika jina la programu ya kuandikia, programu inakuja. Na ukiwa umo ndani yake, unaweza kubonyeza vidude viwili ukatoka kwenda kwenye mstari wa amri bila ya kuifunga, ukafanya shughuli yako ndogo, kisha ukarudi.

"Sikiliza, Ami Mcha," alisema Ummy. "Ile programu uliyoifungua mwanzo ni mzazi. Ukitoka namna hii, anazaliwa mtoto, na mtoto ndiye anayeshika usukani. Mzazi yuko nyuma, kalala, hasemi neno. Ukimaliza shughuli yako unamuaga mtoto kwa neno hili moja, na mzazi anaamka pale pale alipolala."

"Kwangu mimi ndiye ninayekesha, watoto wanalala," alisema Mcha.

"Kwenye mashine ni kinyume."

"Na huyo mtoto naye akizaa?"

"Anaweza. Lakini wewe usimzoeshe."

Ummy akaliandika lile neno kwenye kipande cha karatasi. Mcha akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilijua tangu zamani, akaitia karatasi mfuko wa shati. Jioni Biasha alilifua shati.

Wiki moja baadaye, Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, alipanda ngazi Bi Kawthar wa Malindi, ajuza mrefu, aliyenyooka, aliyezoea kusema jambo mara moja likatosha.

"Shikamoo, Bi Kawthar."

"Marahaba. Funga mlango, Mcha. Nataka kumwandikia Zahran."

Mcha alifunga mlango, na hapo ujue kwamba jambo lilikuwa kubwa. Mji mzima ulijua habari ya Bi Kawthar na ndugu yake. Mama yao alipofariki, Zahran alikuwa safari, akafika siku ya hitma, akanyoosha mkono kwa dada yake mbele ya watu, na dada akautazama ule mkono mpaka ukateremka wenyewe. Zahran alirudi Maskati. Ilikuwa mwaka wa kumi na tisa sasa hawajaandikiana hata salamu ya Idi.

Bi Kawthar akasema, na Mcha akaandika. Alisema polepole, akitazama dirishani, robo saa nzima. Alipomaliza alinyanyuka.

"Hashil, yule jirani yangu, anasafiri leo kwenda Maskati. Atapita hapa saa nane kuichukua. Mimi narudi saa saba, unisomee kabla hujaichapa. Na usije ukanambia niseme tena. Maneno haya nimeyapata alfajiri ya leo, baada ya miaka kumi na tisa. Sitayapata mara ya pili."

"Yako salama, Bi Kawthar. Yamo ndani ya mashine."

Ndani ya mashine hayakutakiwa kulala. Bi Shemsa alikuwa na amri moja: siri za watu zisihifadhiwe tumboni mwa kompyuta, ziwekwe kwenye disketi, na disketi ifungiwe. Mcha akachukua disketi mpya. Disketi mpya ilibidi itayarishwe kwanza, na kazi hiyo hufanywa kwenye mstari wa amri. Kwa hiyo akabonyeza vile vidude viwili, akatoka, barua ya Bi Kawthar akaiacha imelala nyuma, haijahifadhiwa popote. Akaitayarisha disketi. Mpaka hapo alikuwa hajakosea hata nukta moja, na kila akihadithia habari hii hupasisitiza hapo, maana baada ya hapo hana la kujisifia.

"Assalaamu alaykum."

Alikuwa Abrahman, fundi cherehani wa uchochoro wa nyuma. Mbuzi wake kapotea, anataka tangazo la kubandika.

Mcha akamgeukia kama alivyolelewa. Alihitaji karatasi mpya, na kwa kuwa alikuwa kwenye mstari wa amri, akaandika jina la programu. Ikaja, nyeupe na tupu. Moyo ulimstuka kidogo kuona barua ya Bi Kawthar haipo, lakini akajipa jibu: mashine imeitia chini ya jiwe lake. Mashine ya bei ile haikosi jiwe.

"Rangi yake?" aliuliza Mcha.

"Ana weusi. Au ule ulikuwa wa mwaka jana. Ngoja nikamuulize mke wangu."

Abrahman akashuka. Mcha akaona autumie wasaa huo kurudi kwa Bi Kawthar. Alikumbuka kwamba lipo neno la kurudia. Neno lenyewe alikumbuka lilipo: mfuko wa shati, na shati lilishafuliwa. Angeweza kwenda kumuuliza Bi Shemsa kule mezani kwake, chumba cha pili. Lakini wiki nzima alikuwa akimwambia Bi Shemsa kwamba mashine hii ni taipureta tu iliyoongezewa taa. Basi akabonyeza alichokijua. Akatoka tena, kutokea kwenye mbuzi. Akaukuta mstari wa amri, uleule wa mwanzo, alivyodhani yeye.

"Hodi hapa."

Muhiddin, mwashi, alitaka barua kwa mkwewe juu ya ukuta unaovuja. Mcha akaita programu mara ya tatu. Wakafika "mvua za masika zilizopita", muuza kahawa akapita chini akigonganisha vikombe, Muhiddin akamfuata. Mcha akabonyeza, akatoka tena.

Sasa ilikuwa saa tano, na ofisi ilikuwa kimya. Hapa angeweza kufikiri. Badala ya kufikiri aliita programu mara ya nne, akaandika kitu ambacho kilikuwa kikimwasha tangu siku ya nne ya mafunzo. Alikitengeneza kwa muda wa saa nzima, akiongeza neno, akipunguza, akikisoma kwa mbali na kwa karibu. Kisha akatoka, akasema sasa naichukua barua ya Bi Kawthar. Akaita programu mara ya tano.

Mashine ikakataa. Ikaandika Kiingereza kifupi, ambacho Bi Shemsa, alipoitwa, alimfasiria: nafasi ya kukumbukia imekwisha.

"Imekwishaje?" aliuliza Mcha. "Mimi nimeandika mbuzi tu."

Akaandika jina tena. Ikakataa. Akaliandika kwa herufi kubwa, kama YAH. Ikakataa vilevile. Katika kuhangaika huko ikafika saa saba, na miguu ya Bi Kawthar ikasikika kwenye ngazi, na nyuma yake ya Abrahman.

"Nisomee," alisema Bi Kawthar, akakaa.

Mcha alifungua mdomo. Alijaribu kuyakumbuka yale maneno ya asubuhi, na kichwani mwake hapakuwa na kitu ila mbuzi. "Bi Kawthar," alisema, "barua yako ipo. Ila sijui ipo wapi."

Bi Kawthar hakumkaripia, na hilo ndilo lililomtia Mcha jasho la mgongo. Alikunja mikono yake kwenye buibui, akatazama dirishani palepale alipokuwa akitazama asubuhi, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

"Tuizime tuiwashe," alisema Bi Shemsa. "Redio yangu ndivyo nnavyoifanya." Akanyoosha mkono kwenye swichi.

Mcha akajitia katikati. Hakujua kwa nini; alikumbuka tu kwamba kuna mtu kalala humo ndani, na aliyelala hazimiwi taa bila ya kuulizwa. "Kwanza tumpigie Ummy," alisema. "Mwambieni mimi ni mjinga, asipoteze wakati kuulizia hilo."

Simu ilikuwa chini, dukani. Bi Shemsa akashuka kuishika. Abrahman akasimama katikati ya ngazi kupokea na kupeleka. Mcha akabaki juu, vidole juu ya herufi, na Bi Kawthar nyuma ya bega lake.

"Anauliza," alipaza sauti Abrahman, "ulitoka mara ngapi bila ya kufunga?"

Mcha akahesabu kwa vidole. "Mara nne."

Abrahman akalipeleka jibu chini, akarudi na jengine: "Anasema basi una mzazi, na mtoto, na mjukuu, na kitukuu, na wote wamelala. Anasema ulikuwa ukidhani unarudi, kumbe unazidi kuzaa."

"Barua ipo?"

"Anasema ipo kwa mzazi wa kwanza kabisa. Mkizima mashine, wote wanakwenda pamoja. Na umeme nao ukizimika ni hivyo hivyo."

Wiki hiyo umeme ulikuwa ukikatika kila upendapo. Wote wawili walinyanyua macho wakatazama feni.

"Anasema uwaage mmoja mmoja, kuanzia wa mwisho. Andika e, na eksi, na i, na te. Kisha kila programu itakayoamka ifunge kwa adabu, ikikuuliza uihifadhi au usiihifadhi, uijibu, halafu uandike tena lile neno. Usiruke hata mmoja."

Mcha akaandika exit, kwa kidole kimoja, kana kwamba funguo zina moto. Kioo kikapepesa. Ikatokea karatasi aliyoifanyia kazi saa nzima, imepambwa kwa nyota pande zote:

YAH: MAFUNZO YA KOMPYUTA. JIFUNZE KWA MTAALAMU MASHUHURI, USTADHI MCHA DUNI. HAKUNA KINACHOMSHINDA.

Bi Kawthar alivaa miwani. Akasoma mpaka mwisho, midomo ikitembea. "Mtaalamu huyu ni nani?"

"Jamaa mmoja tu," alisema Mcha.

"Hatukuweza kumwita yeye?"

Mashine ikauliza kama aihifadhi. Mcha akabonyeza la, na mtaalamu mashuhuri akafariki pale pale, bila ya hitma. Akaandika neno mara ya pili. Akaamka Muhiddin na ukuta wake, amesimama kwenye "mvua za masika zilizopita". Huyu akamhifadhi kwenye disketi, akamfunga. Akaandika neno mara ya tatu.

MBUZI AMEPOTEA. RANGI YAKE NI, na baada ya hapo weupe.

"Abrahman," aliita Mcha, "mbuzi wako yuko hapa. Nimhifadhi?"

"Mwache aende. Karudi mwenyewe tangu saa nne. Nilipanda kukwambia huu mchana, nikakuta mna msiba."

Feni ikapunguza mwendo. Taa ikawa nyekundu kama kaa la chetezo, kioo kikasinyaa pembeni, Bi Kawthar akaweka mkono wake begani kwa Mcha, na mkono huo ulikuwa mzito kuliko mwanamke mwenyewe. Kisha feni ikajizoa, ikaendelea.

Mcha akamfunga mbuzi. Akaandika neno mara ya nne.

Barua ikaamka. Ilikuwa pale pale alipoiacha saa tatu asubuhi, na kile kistari kidogo kinachopepesa kilikuwa bado kinapepesa baada ya nukta ya mwisho, kama mtu aliyeambiwa akae hapa mpaka nirudi, akakaa. Mcha hakuisoma kwanza. Aliihifadhi kwenye disketi. Kisha akaihifadhi tena. Angeihifadhi mara ya tatu, lakini Bi Kawthar alimwambia, "Soma."

Akasafisha koo. "YAH: KUREJESHA UNDUGU. Husika na kichwa cha habari hapo juu."

"Nilisema hivyo mimi?"

Mcha akahisi masikio yanamchemka. "Hukusema, Bi Kawthar. Mkono wangu umezoea."

"Endelea."

"Ndugu yangu Zahran. Mkono niliokunyima siku ya hitma ya mama unaniuma mimi mpaka leo. Wako ulinyooshwa mbele ya watu, na mimi wangu naurejesha mbele ya mtu mmoja tu, Mcha mpiga taipu, kwa sababu uso wangu hauwezi zaidi ya hapo. Ukija utaukuta mlangoni. Usipokuja utabaki hapo hapo."

Yalikuwamo na mengine, ya chumba cha mama na ya mti wa mlimau. Alipomaliza, ajuza alikuwa anafuta miwani yake kwa upindo wa buibui.

"Nitaliondoa lile la juu," alisema Mcha. "Na kile kichwa cha habari."

"Wacha," alisema Bi Kawthar. "Zahran alikuwa karani wa forodhani miaka kumi na tano. Akiliona hilo YAH atacheka. Na namjua ndugu yangu, akishacheka hana tena nguvu ya kununa."

Mcha akaiamrisha printa, nayo ikaanza kulia kama kuku aliyeshikwa bawa. Barua ilikuwa imefika nusu ilipotolewa salamu mlangoni. Alikuwa Hashil, na sanduku lake mkononi, gari inamngoja chini.

"Wa alaykumu salaam," alisema Mcha bila ya kugeuza shingo. "Subiri."

Bi Shemsa, ambaye ndio kwanza anamaliza ngazi, alisimama. Alikuwa akimjua Mcha mwaka wa ishirini sasa. Hashil akasubiri, wala hakufa. Printa ikanyamaza, karatasi ikakunjwa, bahasha ikafungwa kwa mate ya Bi Kawthar mwenyewe, ikaenda.

Siku arubaini na tatu zilipita. Mcha alizihesabu, maana alikuwa na yake humo: kama Zahran hakucheka, basi ni YAH ndiyo iliyouzika undugu wa watu. Siku ya arubaini na nne Bi Kawthar alipanda ngazi na bahasha imefunguliwa, akampa asome, kwa kuwa macho yake, alidai, yamechoka. Ilipigwa taipu kwa usafi wa karani wa zamani:

YAH: KUREJESHWA KWA UNDUGU. Rejea barua yako yenye kichwa cha habari kama kinavyosomeka hapo juu. Ombi lako limefikiriwa kwa muda wa dakika moja na limekubaliwa. Mhusika atawasili baada ya Idi. Tafadhali mkono uwepo.

Akawasili. Bi Kawthar alimleta mpaka juu ofisini, mzee mfupi mwenye bakora, wakashikana mikono ngazi nzima, kupanda na kushuka, kama watoto wanaovuka njia. Walipotoa salamu Mcha alikuwa katikati ya barua ya mtu. Alinyanyua kidole kimoja, akahifadhi, akaaga, akafunga, ndipo akasimama kuwapokea.

Hayo ni ya mashine. Ya nyumbani, Biasha anasema, bado: redio inangoja waya wake, na mchicha wa Mwanakwerekwe mwaka huu umestawi sana.